Rumba ikivishwa sare ya bendi, nani huichezesha?

BILA shaka, msomaji, umewahi kusimama juani uwanjani Siku ya Madaraka au ya Jamhuri ukiitazama bendi ya wanajeshi ikipita mbele ya jukwaa. Nyuso zimekazwa, buti zinatua kwa pamoja, matarumbeta yanametameta hata unalazimika kufumba jicho moja. Mara, katikati ya ukakamavu huo wote, unasikia wimbo unaoujua. Si wimbo wa vita. Ni wimbo wa ngoma, wa aina inayochezwa harusini kijijini kwenu. Akina mama wanapiga vigelegele, na mzee aliyekuwa akisinzia kando yako anaanza kutikisa mabega.

Je, umewahi kujiuliza wimbo huo uliingiaje mle? Gita halimo. Mwimbaji hayumo. Kayamba halimo. Waliomo ni watu waliovaa sare, wanapuliza shaba, macho kwenye vikaratasi vilivyobanwa kwenye ala zao.

Mimi, nakiri, sikujiuliza hadi yaliponifika nyumbani.

Mwanangu alipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni, alijiunga na bendi. Alikuwa amelenga tarumbeta. Usimlaumu, ni kijana gani asiyetaka kusimama mbele akauongoza wimbo huku wasichana wa shule jirani wakimtazama? Badala yake alikabidhiwa tuba, lile dubwana linalomfunika mchezaji hadi shingoni, kwa sababu eti alikuwa na kifua kipana. Likizo ya Aprili alirudi nyumbani amenuna. Bendi ilikuwa ikijifunza rumba moja ya zamani kwa ajili ya tamasha la shule, na katika wimbo mzima yeye alikuwa na sauti mbili tu.

"Baba, kazi yangu ni mbu, mbu, mbu, mbu, kama chura," aliniambia. Alitaka kuacha. Nami, nikiikumbuka ada ya bendi niliyolipa, nilikuwa upande wake.

Siku ya kuwatembelea watoto ilipowadia nilienda nimejiandaa kubishana na mwalimu wa muziki. Mwalimu hakubishana. Alinivutia kiti, akaniomba nisikilize mazoezi. Kwanza aliziamuru tuba, tromboni na ngoma zinyamaze, klarineti na matarumbeta yakapiga yenyewe. Wimbo nilioujua tangu ujana wangu ulikuwepo wote, hakuna sauti iliyopotea. Lakini ulikuwa umesimama tu, kama mtu anayengoja matatu. Kisha akageuza. Walionyamaza wakapiga, waliopiga wakanyamaza. Sasa hapakuwa na wimbo hata kidogo, na bado mguu wangu wa kulia ulianza kugonga sakafu bila idhini yangu.

Mpangaji si wa nyumba tu

Yupo mtu katika kazi hii ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa karatasi. Anaitwa mpangaji, si yule wa kulipa kodi ya nyumba, bali anayeuchukua wimbo uliotungwa kwa magita na sauti ya mtu, akaugawa upya kwa ala za kupuliza.

Kazi yake huanza na taabu ambayo msikilizaji haioni. Wapiga gita hupenda funguo za E, A na D, kwa kuwa nyuzi zao zinalia vizuri humo. Lakini tarumbeta na klarineti nyingi zimeumbwa kwenye ufunguo wa B-flati, na baadhi ya saksofoni kwenye E-flati. Ukiwaachia wanafunzi ufunguo wa gita, vidole vyao vitafungana mafundo. Kwa hivyo mpangaji huusogeza wimbo mzima, juu kidogo au chini kidogo, hadi ufike mahali ambapo bendi inaweza kuishi.

Halafu kuna pumzi. Mpigaji wa gita la solo anaweza kuikokota sebene dakika tano akitabasamu. Mpuliza tarumbeta hawezi. Midomo ya binadamu ni nyama; ikichoka, sauti hupasuka mbele ya mgeni wa heshima. Mpangaji mwerevu huigawa sebene vipande vipande: klarineti zinaanza, saksofoni zinapokea, matarumbeta yanaingia mwishoni yakiwa bado na nguvu. Kazi ya gita la kati, lile linalochezacheza katikati bila kutulia, huwaendea wapiga tromboni na ile ala iliyojikunja kama konokono. Na besi? Besi ni ya tuba.

Hapo ndipo mwalimu aliponishangaza. Alikiri kwamba mwanangu ana haki ya kulalamika.

Karatasi walizokuwa wakizitumia zilikuwa zimenunuliwa zikiwa tayari, na aliyezipanga alikuwa ameiandikia tuba mapigo ya gwaride: moja-mbili, moja-mbili, kushoto-kulia. Sauti zilikuwa sahihi. Rumba haikuwamo. Kama umewahi kulisikiliza kwa makini gita la besi katika rumba ya Kikongo, unajua kwamba haliendi hivyo. Hukawia, huruka pigo ulilolingojea, hurudi likiwa limechelewa kwa makusudi, na kiuno cha mchezaji huingia katika nafasi hiyo hiyo iliyoachwa wazi. Ukizijaza nafasi zote, mchezaji hana pa kuingilia.

Bendi iliyogeuka ngoma

Ajabu ni kwamba hapa kwetu safari ilianza kwa upande wa pili: bendi ndiyo iliyogeuzwa ngoma. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana waliozisikia bendi za kijeshi za wageni walianzisha ngoma iliyoitwa Beni, jina lililotokana na neno bendi lenyewe. Walishona sare, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana mtaa kwa mtaa. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Dar es Salaam wakawa Marini na Arinoti. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, askari na wachukuzi waliibeba Beni hadi bara, ikafika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Mdundo wa gwaride, uliokusudiwa kumtembeza mtu kwa mstari ulionyooka, Waswahili waliupinda ukachezeka.

Wazungu nao hawakukaa bure. John Philip Sousa, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya wanamaji wa Marekani, aliombwa na gazeti la The Washington Post atunge muziki wa sherehe ya kuwatuza watoto walioshinda shindano la kuandika insha. Muziki huo ulipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Juni 1889. Ulikuwa wa gwaride, lakini hesabu yake ni ya sita, na watu waligundua kwamba unaifaa mno dansi mpya ya wakati huo, two-step. Umaarufu wake ulivuka bahari, hata baadhi ya nchi za Ulaya zikaiita dansi yenyewe Washington Post. Sousa alikuwa ameuuza kwa mchapishaji kwa dola 35 tu, na mchapishaji ndiye aliyetajirika. (Wanafunzi mnaopenda kupanga nyimbo za watu, likumbukeni hilo: utunzi ni mali, na mwenyewe huombwa ruhusa.)

Hesabu ya sita, nimesema. Chakacha ya Pwani nayo huhesabiwa kwa sita. Ukiziandika zote mbili kwenye karatasi, mgeni asiyejua atadhani ni ndugu wa tumbo moja. Lakini mmoja hukupeleka uwanja wa gwaride na mwingine hukulegeza kiuno, kwa sababu uzito hauangukii mahali pamoja.

Waliozikagua ala

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha James Reese Europe, Mmarekani mweusi aliyejulikana sana New York kabla ya vita vya 1914. Huyu hakuwa mwanajeshi wa kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kuongoza muziki wa dansi, na aliwapigia wachezaji mashuhuri Vernon na Irene Castle. Mwaka 1918 alijikuta Ufaransa akiiongoza bendi ya kikosi cha 369, kikosi cha askari weusi kutoka Harlem.

Wafaransa walipagawa. Kiongozi wa bendi moja kubwa ya huko aliomba karatasi za wimbo mmoja ili watu wake nao waupige. Akapewa. Wakapiga kila noti kama ilivyoandikwa, lakini haikuwa kitu kile kile. Europe mwenyewe alisimulia mwaka 1919 kwamba Wafaransa hao walishuku kuna hila ndani ya ala za Wamarekani, wakataka kuzikagua. Hawakuona kitu. Zilikuwa ala za kawaida.

Maelezo aliyoyatoa ni ya kifundi kabisa. Watu wake waliziba midomo ya matarumbeta kwa vizibo, walizungusha ulimi wanapopuliza, na, muhimu zaidi, walizikazia noti ambazo kwa kawaida zingepitwa kimya kimya. Zingatia hapo. Hawakuongeza noti. Waliuhamisha uzito. Na uzoefu huo haukutoka kambini; ulitoka kwa mtu aliyekuwa ametumia miaka akiitazama miguu ya wachezaji ili ajue wapi akaze na wapi aachie. Inasikitisha kwamba hakuishi kuyaendeleza, kwani mnamo Mei 1919, akiwa Boston, alichomwa kisu na mmoja wa wapiga ngoma wake, akafa.

Tangu wakati huo kazi hii imekuwa na heshima yake duniani. Japani, ambako bendi za shule ni jambo kubwa, tangu mwaka 1972 kumekuwa na mfululizo wa nyimbo za kupendwa zilizopangwa kwa bendi, ukiongozwa mwanzoni na Naohiro Iwai. Mexico ilitupa Danzón No. 2 ya Arturo Márquez, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na okestra, kisha ikapangwa kwa bendi za kupuliza. Danzón ni dansi ya wawili iliyotoka Cuba ikatia mizizi Veracruz. Ukiitafuta uisikilize, angalia inavyoanza: vijiti viwili vya mbao vinagonganishwa, klarineti moja inaimba kwa upole, na matarumbeta yamekaa kimya yakingoja. Mtunzi alijua aanze na nani.

Mwanangu hakuacha bendi, ingawa si kwa sababu ya maneno yangu. Mwalimu alimwita yeye na wenzake wawili wa tuba, akawapa kazi: wasikilize santuri ya wimbo ule na waandike besi jinsi inavyopigwa hasa, si jinsi karatasi inavyosema. Iliwachukua karibu wiki tatu. Aliniambia walikuwa wakirudia sekunde kumi zile zile mpaka walinzi wa shule wakawafukuza darasani. Tatizo halikuwa kuzipata noti. Lilikuwa kukubali kunyamaza mahali ambapo gita linanyamaza, maana mtu aliyebeba dubwana lile huona aibu kutopuliza.

Usiku wa tamasha nilienda na mama yangu, nyanya yake, ambaye alikuwa ameshikilia kwamba bendi ni mambo ya mazishi ya wakubwa. Kulikuwa na kasoro. Klarineti moja ililia kama mlango, na sebene ilikimbia kidogo kuliko ilivyotakiwa. Lakini ubeti wa pili ulipoingia, tuba tatu zikiwa zinakawia vile vile zilivyoandikwa upya, nyanya alinikabidhi mkoba wake bila kusema neno, akasimama. Wazazi wawili nyuma yetu wakasimama pia. Mwalimu mkuu, niliyemwona kwa pembe ya jicho, alikuwa akipiga goti kwa kidole huku akijitahidi uso wake ubaki wa mwalimu mkuu.

Siku hizi ukisafiri na kijana huyo kwa matatu, usimwulize mwimbaji amesema nini redioni. Hajamsikia, anasikiliza chini. Tarumbeta alilolililia alipewa alipofika kidato cha nne. Alikaa nalo wiki mbili, akalirudisha.