Gemu Lililokosa Msimu wa Mavuno

Mwishoni mwa Aprili 1997, kampuni ndogo ya 3D Realms iliyokuwa Garland, jimboni Texas, ilitangaza kwamba inatengeneza gemu jipya la kompyuta liitwalo Duke Nukem Forever. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutilia shaka. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa Duke Nukem 3D, gemu ambalo mchezaji anaona kila kitu kwa macho ya jamaa mbabe mwenye bunduki anayewafukuza viumbe wavamizi kutoka sayari nyingine. Unawasha taa kwa swichi ukutani, unajitazama kwenye kioo, unaingia jumba la sinema na kukuta filamu inaonyeshwa. Kwa wachezaji wa wakati ule hayo yalikuwa maajabu, na gemu liliuzwa kwa mamilioni.

Mashabiki waliambiwa wasubiri kidogo. Walisubiri miaka 14.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kwanza kujua kwamba gemu halitengenezwi kuanzia sifuri. Chini ya picha na sauti kuna programu kubwa inayoitwa injini. Hiyo ndiyo inayochora kuta, inayoamua risasi iende wapi, mwanga uanguke vipi na mhusika aanguke namna gani akipigwa. Kampuni nyingi hukodi injini iliyokwisha kutengenezwa na wengine, kisha hujenga gemu lao juu yake. 3D Realms walikodi injini ya Quake II kutoka id Software, na Mei 1998 wakaonyesha matunda yao kwenye maonyesho ya E3 mjini Atlanta. Watu walishangilia.

Wiki chache baadaye kampuni ikatangaza kwamba inahamia injini nyingine, Unreal, ya kampuni ya Epic. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwa sababu Unreal ilichora maeneo ya nje yenye upeo mpana vizuri zaidi. Lakini kuhama injini ni kutupa sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika. Kiongozi wa mradi, George Broussard, hakuona tabu. Kila lilipotoka gemu la kampuni nyingine lenye jambo jipya, alitaka na Duke awe nalo. Na kwa kuwa teknolojia ya kompyuta miaka ile ilikuwa inabadilika kila baada ya miezi michache, jambo jipya halikukosekana kamwe. Mafundi walikuwa wanaifukuza teknolojia ambayo nayo ilikuwa inakimbia.

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapoisimulia habari hii. Hudhani gemu lilikwama kwa ukata. Ukweli ni kinyume chake. Broussard na mwenzake Scott Miller walikuwa na fedha za Duke Nukem 3D, na baadaye zikaja za Max Payne, gemu la mwaka 2001 lililotengenezwa na Remedy ya Finland huku 3D Realms wakilisimamia. Mradi waliugharimia wenyewe. Hapakuwa na mfadhili wa kugonga meza na kuuliza kazi imefika wapi. Walipoulizwa gemu litatoka lini, jibu lilikuwa lilelile kila mwaka: litatoka likiwa tayari. Jibu hilo lilisikika kama la fundi anayejali ubora wa kazi yake, na kwa miaka kadhaa wengi walilipokea hivyo.

Mkulima wa Ufipa hana nafasi ya kutoa jibu la namna hiyo. Kule Milanzi na katika uwanda wote unaoizunguka Sumbawanga, majani yanafukiwa kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo yanayorutubisha shamba, wakati mvua bado inanyesha na udongo ungali laini. Mvua ikikatika, ardhi inakauka na jembe linagoma. Msimu ndio unaoamua, na kazi inafungwa kwa kipimo cha msimu. 3D Realms walikosa msimu. Kila siku ilikuwa siku njema ya kuanza upya.

Hata katika biashara ya gemu kuna wenye msimu wao. Gemu la mpira linalopendwa kwenye vibanda vya PlayStation vya mijini kwetu, lililojulikana kwa miaka mingi kama FIFA na tangu 2023 kama EA Sports FC, hutoka kila mwaka karibu na Septemba, ligi za Ulaya zikiwa zimekwisha kuanza. Kisichokuwa tayari kinasubiri toleo la mwaka unaofuata. Wachezaji hulalamika kwamba toleo jipya limefanana mno na la zamani, na mara nyingi wana haki ya kulalamika. Lakini gemu wanalo mkononi.

Mwaka 2001 kionjo kipya cha Duke kilionyeshwa E3 mjini Los Angeles, na kilikuwa kizuri kiasi cha kufufua matumaini yote. Kisha kimya. Jarida la Wired, lililokuwa na desturi ya kutaja kila mwaka bidhaa hewa za teknolojia, yaani zinazotangazwa bila kuonekana dukani, liliiweka Duke nafasi ya kwanza mwaka 2001 na tena 2002. Mwaka 2003 likaipa tuzo ya heshima ya maisha. Mwaka 2006 wafanyakazi wengi waliondoka kwa mkupuo. Kijana aliyeingia pale na miaka 25 alikuwa anakaribia 35, na hakuwa na gemu hata moja la kumwonyesha mwajiri mwingine. Hasara hiyo ya watu inasikitisha kuliko ile ya fedha.

Tarehe 6 Mei 2009 fedha ziliisha na timu ikaachishwa kazi. Mwezi huohuo kampuni ya Take-Two, iliyokuwa na haki ya kulichapisha gemu hilo, ikafungua kesi kwa madai kwamba 3D Realms wameshindwa kulimaliza. Wachache kati ya walioachishwa waliendelea kulishona gemu wakiwa majumbani mwao, na ukaidi wao ndio uliomshawishi Randy Pitchford wa kampuni ya Gearbox kulichukua mwaka 2010.

Duke Nukem Forever liliingia sokoni Juni 2011. Guinness wakaliandika kuwa gemu lililotengenezwa kwa muda mrefu kuliko yote: miaka 14 na siku 44. Wahakiki walilipiga vibaya. Mizaha yake ilikuwa ya miaka ya tisini. Mengine yalikuwa yameigwa kutoka kwa washindani: Duke aliyewahi kubeba ghala zima la silaha sasa aliruhusiwa kubeba mbili tu, kama ilivyokuwa kwenye gemu la Halo.

Kampuni kubwa nazo hazikupona ugonjwa huu. Blizzard walifanya kazi miaka saba kwenye mradi wa siri ulioitwa Titan, wakaufuta rasmi 2014. Timu ndogo iliyobaki iliokota mabaki yake na kutengeneza Overwatch, iliyotoka 2016 na kupendwa duniani kote. Julai 2025 Microsoft ilifuta Everwild, iliyotangazwa 2019, na Perfect Dark, iliyotangazwa 2020, wakati ikipunguza wafanyakazi wapatao 9,000. Kwetu Afrika Mashariki mitaji mikubwa ya namna hiyo haipo, na labda ndiyo maana Mkenya Andrew Kaggia aliweza kutoa Nairobi X mwaka 2015, gemu la mapambano na wavamizi wa anga katika mitaa ya Nairobi, bila kumsubirisha mtu muongo mzima.

Mei 2022 nakala ya Duke ya mwaka 2001 ilivuja mtandaoni. Broussard alikiri kwamba ni ya kweli, akaonya kuwa hakuna gemu kamili mle, ni vipande vya majaribio tu. Mashabiki hawakukata tamaa. Desemba mwaka huohuo kundi lao lilitoa bila malipo sehemu ya kwanza waliyoirekebisha ichezeke, kwa kazi waliyoifanya kwa kujitolea.