Uvimbe Unaopanda Ulimi Ukitolewa

Mama mmoja wa Kamachumu, Kagera, anauliza kuhusu mwanawe wa miaka 14. Ana uvimbe laini katikati ya shingo, juu kidogo ya kikoromeo. Hauumi, ila mafua yakimshika unaongezeka. Majirani wamesema ni rovu, atafutiwe chumvi yenye madini joto.

Mama, mwambie atoe ulimi nje. Rovu hupanda mtu akimeza. Uvimbe ninaoushuku mimi hupanda akimeza na hata akitoa ulimi.

Sababu yake inanifurahisha kila nikiisimulia. Tezi dundumio (jina la kamusi, zahanati wanasema thairoidi) haianzii shingoni. Mimba ikiwa na wiki 4 hivi, tezi huchipuka kwenye shina la ulimi, kisha huteremka ikipita pale mfupa wa ulimi unapojijenga, na kufikia wiki ya 7 imetua chini ya kikoromeo. Nyuma yake huacha mrija mwembamba, ambao kwa kawaida hutoweka kufikia wiki ya 10. Usipotoweka, kuta zake huendelea kutoa ute usio na pa kutokea. Kifuko hujaa, kikiwa bado kimeshikamana na mfupa wa ulimi. Ulimi ukienda, nacho kinafuata.

Zamani madaktari walitoa kifuko tu, na mara nyingi kikarudi. Wakulima wa Kagera hawatashangaa. Kata mgomba, acha kisiki: mvua mbili tatu, machipukizi haya hapa. Mnyauko wa migomba ulipoingia mashambani, waliambiwa wang'oe shina pamoja na kisiki chake, na aliyeona uvivu kuchimba aliuona ugonjwa tena. Mwaka 1920 Walter Sistrunk, daktari wa upasuaji huko Marekani, aliandika jinsi ya kuchimba kisiki cha shingoni: unatoa kifuko, kipande cha katikati cha mfupa wa ulimi, na nyama inayozunguka mrija hadi karibu na shina la ulimi. Mgonjwa anameza na kuongea kama kawaida.

Kabla ya upasuaji, kwanza ultrasaundi, maana kwa wachache uvimbe huo ndio tezi dundumio pekee waliyo nayo. Uvimbe wa pembeni mwa shingo una mambo yake, kifua kikuu cha tezi za limfu kikiwamo.

Usiruhusu mtu autumbue wala kuuchanja. Hospitali ya Ndolage iko hapo hapo Kamachumu. Mpeleke kabla haujatunga usaha, na mkipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, nendeni.