Mji Mbele ya Kamera: Utangulizi

Mkoa wa Mara umezoea kamera. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu ya makala juu ya Serengeti, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael. Walikuwa na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakawa wanapita nayo juu ya mbuga wakiwahesabu wanyama. Michael alifariki ndege hiyo ilipoanguka Januari mwaka huohuo, na mwaka uliofuata filamu ikapata Tuzo ya Oscar. Tangu hapo wapiga picha hawajaacha kuja. Nyumbu wanaovuka Mto Mara wanajulikana hata na watu ambao hawatakanyaga Afrika maisha yao yote. Lakini aliyetazama makala hizo zote bado hajui Mugumu, mji ulio jirani na mbuga hiyo, inaamkaje. Hajui kwamba upande wa pili wa mkoa kuna mji wa Tarime, wenye ubaridi wa milimani, migomba na kahawa, malori yanayoelekea mpakani Sirari, na kata iitwayo Bomani ambako watu huamka na kushughulika kama watu wa mji wowote duniani.

Nakukaribisha, msomaji wa Bomani na wa kwingineko, katika taaluma inayochunguza jinsi filamu inavyoubeba mji, sura yake na roho yake pia. Huhitaji shahada ili uingie. Ukishaangalia filamu moja ukasema, "Hapa ni Nairobi kabisa," na nyingine ukasema, "Hii ingeweza kuwa mji wowote," umekwisha kuanza kazi. Kilichobaki ni kujiuliza umejuaje.

Jibu nitakalolitetea ni hili: mji huingia kwenye filamu pale kamera inaposhuka mpaka kimo cha mtu anayetembea kwa miguu, ikakubali kwenda kwa mwendo wake na kumsikiliza anavyosema. Picha ya kutoka angani hutuonyesha ukubwa wa mahali. Maisha ya mahali hapo huonekana kutokea chini.

Taaluma hii ilikoanzia

Sinema na mji vilikua pamoja. Mwaka 1895 ndugu Lumière wa Ufaransa waliwapiga picha wafanyakazi wakitoka kiwandani mjini Lyon, na filamu hiyo fupi ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuonyeshwa hadharani. Mwaka 1927 Walter Ruttmann alitoa filamu nzima juu ya Berlin isiyo na shujaa wala kisa. Treni inaingia mjini alfajiri, maduka yanafunguliwa, viwanda vinaunguruma, watu wanakula, usiku unaingia na taa zinawaka. Wataalamu huziita filamu za namna hii simfonia za mji, kwa kuwa mhariri huzipanga picha kama mtunzi wa muziki anavyopanga sauti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waitalia walionyesha njia nyingine: chukua mtu mmoja mwenye shida moja, umfuate. Katika Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, baba mmoja anapata kazi ya kubandika mabango mjini Rome, kwa sharti awe na baiskeli. Baiskeli iko rehani, kwa hiyo mkewe anatoa mashuka ya nyumbani yakawekwe rehani badala yake. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Sehemu kubwa ya filamu ni baba na mtoto wake wakiitafuta kwa miguu, na kwa njia hiyo tunaingia sokoni, kanisani, kwa mpiga ramli na katika mitaa ambayo mtalii haifiki. Dereva wa bodaboda ambaye bado anailipia pikipiki yake hahitaji kuelezwa uzito wa kisa hiki. Hilo ni funzo kubwa la taaluma yetu: tukiijua vizuri riziki ya mtu mmoja, ramani ya mji hujichora yenyewe.

Afrika iliingia na swali lake: mji ni wa nani? Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo 20 juu ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Abiria mmoja mwenye suti anamshawishi ampeleke mtaa wa matajiri, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anawasimamisha. Nishani ya mwenye mkokoteni inadondoka chini na kiatu cha polisi kinaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa, abiria anaondoka bila kulipa, na mzee anarudi nyumbani na farasi tu. Kwa picha ya kiatu juu ya nishani Sembène ametuonyesha kwamba Dakar ni miji miwili yenye mpaka kati yake, na kwamba mpaka huo maskini anaujua kwa miguu yake.

Miaka 10 baadaye Djibril Diop Mambéty alipita katika Dakar hiyohiyo na pikipiki. Mory, kijana mchunga ng'ombe katika filamu ya Touki Bouki ya mwaka 1973, amefunga pembe za ng'ombe mbele ya pikipiki yake. Nawaomba wasomaji wa Tarime na Serengeti, ambao mifugo ni heshima ya nyumbani kwao na bodaboda ni usafiri wao wa kila siku, waitazame picha hiyo bila haraka. Kijana ameingia mjini bila kuuacha ufugaji nyuma. Katika miji mingi ya Afrika, yetu ikiwemo, watu huishi hivyo, na filamu isiyouona ukweli huo haijauona mji.

Kwetu Afrika Mashariki

Kwetu kamera ilianza kwa kufundisha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika juu ya kilimo, afya na mengineyo. Mapema miaka ya 1950 zikaja filamu za kuburudisha kwa Kiswahili, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeonekana katika Muhogo Mchungu kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baada ya Uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Kazi yake mashuhuri ya miaka ya 1970, Fimbo ya Mnyonge, ilihimiza vijiji vya ujamaa. Moyo wa taifa ulitafutwa kijijini, na mji ukabaki pembeni ya hadithi.

Kisha zikaja kamera nyepesi za video na kile kinachoitwa Bongo Muvi. Marehemu Steven Kanumba na wenzake waliteka nyumba za Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi. Wengi waliziona sura zao kwenye DVD, au katika vibanda umiza kwa kiingilio kidogo. Filamu hizi zina deni kwetu na sisi tuna deni kwazo, kwa hiyo tuzitazame kwa makini. Nyingi hutokea sebuleni: kochi kubwa, pazia, geti, gari likiingia. Kupiga picha ndani ni rahisi zaidi, kwa kuwa barabarani kuna kelele zinazoharibu sauti, watazamaji wanaojaa mbele ya kamera, na vibali vya kufuatilia. Matokeo yake ni kwamba tuliijua Dar es Salaam ya ndani ya geti, na ile ya nje tukaibahatisha kupitia kioo cha gari.

Mwongozaji Amil Shivji alifungua geti hilo. T-Junction, iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017, inawaleta mbele watu wanaojitafutia riziki njiapanda, kwa macho ya wasichana wawili wanaokutana hospitalini. Miaka minne baadaye akatoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na Mji Mkongwe wa Unguja wa miaka ya 1950 ukarudi pamoja na vichochoro vyake na harakati zake za kupigania uhuru.

Nairobi nayo ina Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012. Mwas, kijana wa kijijini, anauza filamu za kunakiliwa, na ili kuwavuta wateja huwaigizia vipande vyake papo hapo. Anaondoka kwenda mjini kutafuta uigizaji. Siku anayofika anaporwa kila kitu, anakamatwa, na usiku anajikuta akisafisha choo cha mahabusu. Kuanzia hapo anaishi maisha mawili: mchana mazoezi ya jukwaani, saa nyingine genge linaloiba vipuri vya magari. Kisa cha mtu wa shamba aingiaye mjini ni cha zamani katika sinema. Hapa kinapata uhai mpya kwa sababu mji wenyewe unamjibu Mwas, kwa lugha yake na kwa bei yake.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Msomaji anayeanza ajizoeze kuiuliza kila filamu maswali matatu.

La kwanza: kamera imesimama wapi? Juu ya ghorofa, ndani ya gari, au kando ya mama lishe anayechochea moto? Inangoja mpaka tukio liishe, au inakata na kukimbilia jingine? Roho ya mji ina mwendo wake, na mhariri anaweza kuiua kwa haraka.

La pili: tunasikia nini? Mji hutambulika kwa sauti mapema kuliko kwa majengo. Nairobi Half Life isingekuwa Nairobi bila Kiswahili, Sheng na Kikuyu kupishana ndani ya mazungumzo. Katika Soul Boy ya Hawa Essuman, ya mwaka 2010, kijana wa Kibera anapewa kazi saba za kuikomboa roho ya baba yake iliyochukuliwa na mzimu aitwaye Nyawawa. Majirani zetu Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria wanawajua Nyawawa na wanajua jinsi ya kuwafukuza kwa kugonga masufuria. Filamu inatuonyesha kwamba wahamiaji walikwenda Nairobi na mizimu yao, na kwamba mtaa wa mabati unaweza kubeba hadithi ya ziwani. Tujiulize basi Tarime ingesikikaje: Kikurya, Kijaluo na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, na kutoka kibanda umiza sauti ya msimuliaji wa filamu DJ Afro akiisimulia upya filamu ya Hong Kong mpaka watazamaji wamwone shujaa kama mtu wa mtaani kwao. Hiyo nayo ni sehemu ya somo letu, kwa kuwa miji ya mbali hutufikia ikiwa imekwisha kutiwa sauti ya kwetu.

La tatu, nalo ndilo zito: nani ameshika kamera, na wenye mji wanasemaje? Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, makala iliyopigwa Mwanza juu ya sangara, ndege za mizigo, watoto wa mitaani na mapanki, yaani mifupa ya samaki, wanayobaki nayo wenyeji. Iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa waziwazi, na ubishi ukaenea nchi nzima: je, filamu ilisema kweli kuhusu Mwanza, au iliuchagua uchungu tu na kuuacha mji? Msomaji makini ataitazama mwenyewe na kuzisikiliza pande zote. Mfano wa karibu zaidi ni In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018, juu ya wasichana wanaokimbia ukeketaji na kupokelewa Mugumu katika nyumba salama ya Rhobi Samwelly. Ni kazi yenye ujasiri na inastahili heshima. Lakini filamu ya tatizo lililopo mjini na filamu ya mji ni vitu viwili, na Mugumu inastahili zote mbili.

Pa kuanzia

Mwongozaji Mira Nair, aliyeirudia Kampala ya mwaka 1972 katika filamu ya Mississippi Masala, alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004 ili vijana wa Afrika Mashariki wajifunze kusimulia habari zao wenyewe. Wewe unaweza kuanza na simu iliyo mfukoni mwako. Chagua mahali pamoja Bomani unapopita kila siku, penye kazi inayofanyika mbele ya macho ya watu: kijiwe cha bodaboda, banda la chai, kibaraza cha fundi cherehani. Wasalimie waliopo, waambie unachofanya, waombe ruhusa. Piga picha dakika kumi bila kuhamisha simu. Rudi saa nyingine, simama palepale, piga tena. Kisha waonyeshe waliomo na uwaulize umekosa nini. Watakachokuambia ndicho kitabu chako cha kwanza cha taaluma hii, maana wao ndio wanaojua ni saa ngapi mahali pale huwa na uhai, na ni sauti gani ikikosekana mahali huwa pageni.

Fanya hivyo huku ukitazama filamu nilizozitaja, na urejee kwenye maswali matatu kila mara. Lyon na Dakar ziliingia kwenye sinema kwa sababu kuna watu walioona kwamba wafanyakazi wanaotoka kiwandani na mzee mwenye mkokoteni wanatosha kuwa filamu. Tarime na Mugumu nazo zina watu wa kutosha. Zinangoja watazamaji waliojifunza kutazama, na miongoni mwao atatoka mwongozaji.