Namna Bakteria Wanavyopora Chuma Mwilini

Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma, na karibu theluthi mbili yake imo katika himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Bakteria wengi waletao maradhi hawawezi kuzaana bila chuma, lakini waingiapo katika damu hawakikuti kikiwa huru, kwa kuwa hushikiliwa na transferini, protini inayokisafirisha, na katika machozi na maziwa ya mama kazi hiyo hufanywa na laktoferini. Maambukizi yanapoanza, ini huongeza homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kilichomo katika utumbo na katika akiba ya seli kisiingie kwenye damu, hata kipimo cha mgonjwa huonyesha upungufu ilhali chuma chenyewe kimefungiwa tu.

Mbinu ya ajabu kuliko zote wanazotumia wavamizi hao ni siderofori, molekuli ndogo ambazo bakteria huzitoa nje, kisha huzipokea zikirudi na chuma. Enterobaktini, siderofori ya Escherichia coli, hukishika chuma kwa nguvu kupita transferini, hivyo huweza kuinyang'anya. Mwili nao hujibu: seli nyeupe za damu hutoa lipokalini 2, protini yenye tundu linaloienea enterobaktini barabara, ikainasa kabla haijamrudia mwenyewe. Salmonella wameupita hata mtego huo, kwani huipachika enterobaktini yao sukari ya glukosi, nayo ikishaongezeka umbo haiingii tena katika tundu lile.

Bakteria wa kisonono hawatengenezi siderofori kabisa. Wao huikamata transferini juu ya ngozi yao na kuivua chuma papo hapo, tena huitambua ya binadamu na si ya panya, jambo ambalo limewatatiza sana wanasayansi wanaouchunguza ugonjwa huo kwa kutumia panya wa maabara.

Uchu huo wa chuma sasa umegeuzwa kuwa tiba. Dawa ya cefiderocol imeundwa ikiwa na sehemu inayoshika chuma kama siderofori, hivyo bakteria huivuta ndani wao wenyewe, na mwaka 2019 iliidhinishwa nchini Marekani kwa maambukizi makali ya njia ya mkojo ambayo hayajabakiwa na dawa nyingi za kuyatibu.