Kutu ya Ngano: Adui Avukaye Mpaka kwa Upepo

Ndugu askari, ninyi mlindao mipaka mwajua kumsimamisha mpitaji na kumtaka pasi yake. Lakini yupo adui asiyesimamishwa na kizuizi chochote, kwa kuwa hupanda upepo. Huyo ni kutu ya shina la ngano, ugonjwa uletwao na kuvu. Mabua hutoka malengelenge yenye rangi ya tofali. Ukiyagusa, vumbi jekundu hubaki vidoleni, na kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu ya ugonjwa.

Mwaka 1998 aina mpya ya kutu hiyo ilionekana Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda. Ikaishambulia ngano iliyoaminiwa kwa miaka mingi kuwa haipatwi na kutu. Wataalamu wakaiita Ug99. Mwaka 2001 ilikuwa Kenya, 2003 Ethiopia, 2006 Yemen, na 2007 Iran. Bahari ya Shamu haikuwa kitu kwake.

Je, mbegu zilizokwisha kupeperuka zaweza kufuatwa? Zaweza, na njia yenyewe ilianzia mbali na mashamba. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza ilitunga programu ya kompyuta iitwayo NAME ili kujua sumu itachukuliwa wapi na upepo. Programu hiyo hiyo ndiyo iliyofuata majivu ya volkano ya Iceland mwaka 2010. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakishirikiana na wenzao wa Ethiopia, wakaielekeza kwenye kutu, na mwaka 2019 wakachapisha maelezo ya kazi yao.

Kazi huanzia shambani. Mkaguzi hupita mashamba, na akiiona kutu hutoa taarifa ya mahali na ukali wake. Kompyuta huchukua taarifa hiyo na kukadiria mwendo wa upepo kwa siku saba zijazo, mvua itakayoziangusha mbegu, na jua litakaloziua zingali angani. Hata hivyo kutua si kushinda: mbegu ikikosa umande au maji juu ya mmea kwa muda wa saa kadhaa, haioti. Kwa hiyo hupimwa pia unyevu na joto la mahali itakapoangukia. Ndipo onyo hupelekwa kwa mabwana shamba na wakulima.

Siku hizo chache zina thamani kubwa, maana dawa hufaa zaidi ikinyunyizwa mapema, kabla mabua hayajajaa malengelenge. Mwaka 2013 kutu ya aina nyingine, wala si Ug99, iliangamiza ngano iitwayo Digalu katika sehemu za Bale na Arsi, huko Ethiopia. Wapo waliopanda wasivune kitu.

Askari wa doria atalitambua mara moja tatizo linalobaki. Bonde asilofika mkaguzi halina taarifa, na kompyuta hulihesabu kuwa safi, hata kama vumbi jekundu limekwisha kuruka kutoka humo.