Chumba Kimoja, Medali Nyingi

Nyumba zetu hapa Gusii ni ndogo. Nyamira kijijini, shamba limegawanywa kwa ndugu hadi milango inatazamana. Mjini Kisii, wengi wetu tunapanga chumba kimoja ambamo kitanda, makochi na jiko vinagombania sakafu. Hata hivyo, ndani ya vyumba hivyo hivyo kuna medali za mashindano ya shule, namba za kifuani za marathoni na jezi za klabu ya soka ya Shabana zilizovaliwa Gusii Stadium. Nyingi zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na zinaota kuvu.

Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Daraja Mbili. Kazi inayonilisha ni sare za shule, ila watu wamezoea kuniletea jezi niziandae kabla hazijatiwa kwenye fremu. Naipenda kazi hiyo kuliko zote, kwa sababu hizi ni kumbukumbu za watu waliokimbia kweli.

Gusii ina historia ya kutunza. Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika fainali ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne, 1956. Tarehe 13 Oktoba 1968, Naftali Temu wa Nyamira alishinda mita 10,000 mjini Mexico City, akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Munich 1972, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, wote wa kwetu, walitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne pamoja na Julius Sang. Mwaka 1993, mjini Oslo, Yobes Ondieki akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Nyuma ya majina hayo walikuwapo vijana wengi wa shule ambao hakuna gazeti lililowaandika. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Medali yake ni ndogo, utepe umepauka hadi hujui ulikuwa wa rangi gani, na nyuma haina hata herufi moja.

Ukiwa na chumba kimoja, acha kutafuta nafasi sakafuni. Tazama juu ya mlango. Kati ya fremu ya mlango na dari huwa kuna sehemu ambayo hakuna anayeitumia, na ubao mwembamba pale hubeba vikombe bila kumgonga mtu kichwa. Medali zitundike kwenye fimbo ya pazia, zikipangwa kwa miaka. Kama mwenye nyumba hataki misumari, simamisha mbao mbili nyuma ya kochi, uunganishe ubao wa tatu juu yake, utundike hapo. Ukihama, unahama nayo.

Wala usitoe vyote kwa pamoja. Ukuta uliojaa haumwonyeshi mgeni chochote. Nawashauri wateja watundike vichache, vingine vikae kwenye sanduku chini ya kitanda, kisha vibadilishwe kila shule zinapofunguliwa. Picha ya zamani ipeleke saiba wakutolee nakala. Nakala ikae ukutani, ya asili ibaki sandukuni.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Mvua ya Kisii haina likizo ndefu, na ukuta wa nje hutoa jasho. Tundika kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Nyuma ya kila pembe ya fremu gundisha kipande cha kandambili kuukuu ili hewa ipite. Namba za kifuani zitoe pini mara moja, maana pini hushika kutu na alama yake haitoki. Kikombe usikisugue kwa majivu. Vikombe vingi vya shule vimepakwa rangi ya dhahabu juu juu tu, nayo huisha. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Jezi ndiyo inayotaka mkono wa fundi. Ifue, ikauke kabisa kivulini. Mimi hukata karatasi ngumu kwa kipimo cha kifua, nikaifunika kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa hadi wanga ukatoka, kisha nikaivalisha jezi. Hapo naishikiza kwa mishono mirefu iliyolegea, mabegani na kwenye mshono wa ndani wa ubavu, ili uzi ubebe uzito na usichane kitambaa. Gundi siitumii kamwe. Mwambie seremala aache nafasi ya vidole viwili kati ya jezi na kioo, kwa sababu jezi ikigusa kioo itaganda humo na kuota madoa. Mzee mmoja kutoka Manga aliponiletea fulana yake ya mbio aliniambia, "Mwanangu, hilo tope la pindoni usilitoe." Sikulitoa. Nilipitisha uzi kando yake.

Na kwa kikombe kinachoyumba, nenda Tabaka. Wachongaji wa mawe ya huko watakukatia kitako kizito, laini, cha ukubwa wowote. Ni bora kuliko plastiki, tena fedha inabaki kwetu.

Mambo yote hayo hayafikii thamani ya kipande cha karatasi nyuma ya fremu. Andika jina la aliyekimbia, mbio gani, wapi, mwaka gani. Tumia penseli, kwani wino wa kalamu husambaa kukiwa na unyevu. Mimi nilimwuliza baba angali na kumbukumbu zake: ilikuwa maili moja, mashindano ya wilaya, na alitoka wa pili. Kama una mzee nyumbani mwenye medali isiyo na maandishi, kaa naye umwulize wiki hii, uandike akiwa anasema.