Kadi ya Michoro Inapokosea Kimya Kimya

Bujonde ni kata ya wilaya ya Kyela, katika tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mito iteremkayo kutoka milimani, kama Songwe na Kiwira, hufurika wakati wa masika. Tuseme, ndugu msomaji, mtaalamu anataka kukokotoa maji yatafika wapi. Ataigawa nchi kwa miraba midogo na kurudia hesabu ileile kwa kila mraba. Kazi hii huifaa kadi ya michoro, ambayo hufanya maelfu ya hesabu kwa wakati mmoja.

Lakini chombo hicho chaweza kukosea. Biti moja ikigeuka, kwa mnururisho utokao angani au kwa transista dhaifu, namba hubadilika wala mashine haisimami. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilieleza kwamba kazi ya siku 54 iliyotumia kadi 16,384 ilikatizwa bila kutarajiwa mara 419. Makosa ya kimya yalikuwa 6 tu kati ya hayo. Nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Kadi za kazi nzito huongeza biti za ulinzi, kwa njia iliyotokana na kazi aliyoichapisha Richard Hamming mwaka 1950, hata kosa la biti moja katika kumbukumbu husahihishwa. Hata hivyo, ulinzi huo hauthibitishi kuwa namba ilikokotolewa sawasawa.

Hapo yahitajika akili ya karani wa mpunga. Akijumlisha magunia kwa mistari na kwa safu, akakuta mstari mmoja na safu moja zimezidi kwa 64, kisanduku kibovu ni pale zinapokutana, hupunguza 64. Mwaka 1984 Huang na Abraham walionyesha jinsi ya kubeba jumla kama hizo ndani ya kuzidisha matriki. Tofauti ndogo za kukadiria desimali ni lazima zivumiliwe.

Kwa mafuriko kuna kipimo kingine: maji yaliyoingia, kutoa yaliyotoka, sharti yalingane na yaliyoongezeka. Kipimo hiki si kamili. Kasi iliyokosewa yaweza kuyahamisha maji mraba hadi mraba pasipo kubadili jumla, na ramani ikaionyesha Bujonde kavu. Kwa hiyo hatua nyeti hukokotolewa mara mbili, kwa kadi mbili, maana kadi mbovu yaweza kurudia kosa lilelile. Majibu yakitofautiana, programu hurudi kwenye hali ya mwisho iliyothibitishwa na kuhifadhiwa diskini, na kadi ya tatu huonyesha ipi kati ya zile mbili iondolewe kazini.